Nyumba ya Ngong na Hesabu Isiyo na Tisa

Nyumba ya mwandishi aliyekwisha kufa haihesabiwi miongoni mwa maandishi yake. Hata hivyo, mara ifunguliwapo kwa wageni, ikawekewa tiketi langoni na mtu wa kuwatembeza watu chumba baada ya chumba, nyumba hiyo huanza kusomwa kama maandishi. Huwa na mwanzo na mwisho; huwa na mambo inayoyakariri na mambo inayoyanyamazia; huwa na wahusika wakuu ambao picha zao zimetundikwa ukutani, na wahusika wadogo wanaotajwa kwa jina moja tu na kupitwa. Yafaa basi ihakikiwe kama zihakikiwavyo kazi nyingine. Makala haya yanaichukua nyumba moja ya namna hiyo, ile ya Karen Blixen iliyo chini ya vilima vya Ngong nje kidogo ya Nairobi, na kuisoma bega kwa bega na kitabu kilichoipa sifa, yaani Out of Africa. Nia si kumshitaki marehemu upya. Nia ni kuuliza swali ambalo idara za Kiswahili zina haki kuliko wengine ya kuliuliza: lugha iliyokuwa ikisemwa kila siku katika nyumba ile ilikwenda wapi?

Historia ya nyumba yenyewe haihitaji maneno mengi. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen, aliyezaliwa Rungstedlund nchini Denmark mwaka 1885, alishuka Mombasa mwezi wa Januari 1914, akaolewa na Bror von Blixen-Finecke, na kuhamia katika nyumba hiyo mwaka 1917. Shamba lilikuwa la kahawa, na kahawa haikulipenda: mwinuko wa zaidi ya futi elfu sita ulikuwa mkubwa mno kwa mibuni. Ndoa ikavunjika, kiwanda kikaungua mwaka 1923, madeni yakakua, na mwaka 1931 shamba likauzwa na kukatwa viwanja. Mwenyewe akarudi kwao, akaandika, na akafa tarehe 7 Septemba 1962 katika nyumba ileile aliyozaliwa. Baada ya Uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Ngong na kuitoa zawadi kwa Kenya. Kwa muda ikawa chini ya chuo cha mafunzo ya lishe. Kisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaifungua kwa umma mwaka 1986.

Mwaka huo wa mwisho si wa bahati. Kitabu kilitoka mwaka 1937, na kwa karibu miaka hamsini hakikutosha kuifanya nyumba kuwa makumbusho. Filamu ya Sydney Pollack ilitoka mwaka 1985, ikapata tuzo saba za Oscar, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa. Hivyo kwa nasaba ya miaka nyumba hii ni mtoto wa filamu kuliko wa kitabu, na jambo hilo linaonekana katika namna inavyosomwa. Mgeni aliyekwisha kuiona filamu huingia akitafuta mapenzi ya mwanamke wa Kidenishi na mwindaji wa Kiingereza, na vyombo vilivyotumika katika filamu, ambavyo baadhi yake vimewekwa humo, humwongezea imani kwamba hicho ndicho kisa. Msomaji wa kitabu hujua vinginevyo. Mume ni kama hayumo kabisa. Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwezi wa Mei 1931, yumo, lakini kurasa zake ni chache zikilinganishwa na zile za Farah Aden, Msomali aliyeisimamia nyumba, au za Kamante, mpishi, au za mzee Kinyanjui na maskwota wa shambani. Filamu iliwageuza wenye kisa kuwa mandhari. Kitabu, pamoja na makosa yake yote, hakikuthubutu kwenda umbali huo.

Mgeni anayefika leo huona kuta za mawe, paa la vigae, baraza pana, na vyumba vilivyotiwa mbao ukutani. Baadhi ya samani ni zilezile zilizokuwamo, kwani Lady McMillan alizinunua shamba lilipovunjika, na baadaye zikapatikana tena. Nje, nyuma ya miti, vilima vya Ngong viko palepale. Yote haya yametunzwa vizuri na hayana lawama. Taabu ni kwamba samani hushuhudia mali tu, wala haziwezi kushuhudia maneno. Kitanda hueleza alilala nani. Meza hueleza alikula nani. Wala hakuna chombo kinachoeleza kwamba katika nyumba ile Mdenishi, Msomali, Mgikuyu na Mmaasai walikuwa wakisemezana, wakigombana, wakihukumiana na kutaniana, na kwamba kwa sehemu kubwa walifanya hivyo kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa jikoni. Kitabu kinasimulia kwamba Kamante hakujua kusoma, na hivyo vitabu vya mapishi havikumfaa kitu. Aliyahifadhi mapishi yote kichwani, na kila chakula alikipa jina la tukio lililotokea siku alipofundishwa kukipika: mchuzi mmoja ulikuwa wa radi iliyopiga mti, mwingine wa farasi wa kijivu aliyekufa. Mwandishi analeta habari hii kama kioja cha kupendeza. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huiona kwa jicho jingine. Agikuyu walikuwa wakizipa marika yao majina ya matukio ya mwaka wa kutahiriwa, na kwa njia hiyo historia ya nchi nzima ikahifadhiwa bila karatasi. Kamante hakuwa akibuni kioja. Alikuwa akiingiza upishi wa Kizungu katika kalenda ya kwao. Hapo kitabu kimehifadhi jambo kubwa kuliko mwandishi alivyojua, na sufuria za jikoni haziwezi kulisema.

Kwa hiyo inafaa kuanza na dai hili: Out of Africa ni kitabu ambacho sehemu yake kubwa ilisemwa kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza na Kidenishi. Mazungumzo ya shambani yaliyomo ni tafsiri, na lugha ya asili imeachwa nyuma kama alama za nyayo: shauri, ngoma, boma, shamba, bwana, watoto waliokatwa kichwa wakawa 'totos', na 'Msabu', ambalo ni neno memsahib lililopitia vinywa vingi. Hata jina la nyumba limo katika hali hiyo. Wanaolieleza jina Mbogani husema maana yake ni nyumba ya msituni. Sikio la Mswahili husikia ama mboga ama mbogo, na msitu halioni. Jina hilo limebaki katika barabara ya Bogani, nalo halimsumbui mtu.

Katika sehemu ya kitabu iliyokusanya visa vifupi vifupi, kuna kisa kimoja ambacho kila mwalimu wa Kiswahili angepaswa kukijua. Mwandishi alipokuwa mgeni nchini alifundishwa kuhesabu kwa Kiswahili na kijana mmoja Mswidi. Kijana alipofika nane akasita, kwa sababu neno tisa katika sikio la Kiswidi lina mshindo usiofaa kutamkwa mbele ya bibi mwenye heshima. Badala ya kueleza, akamwambia kwamba Kiswahili hakina tisa. Kumi ipo, kumi na moja ipo, lakini tisa haipo, wala kumi na tisa, wala tisini. Mwanafunzi akaamini. Tena akafurahi, akaona kwamba hapa pana watu wenye ujasiri wa kuvunja mfuatano wa hesabu uliozoeleka. Baadaye akaambiwa ukweli. Hata hivyo akashikilia kwamba lazima iko, mahali fulani, hesabu ya wenyeji isiyo na tisa, na kwamba kwa hesabu hiyo mtu angeweza kugundua mengi.

Kisa hiki kinachekesha na kimeandikwa kwa wepesi wa hali ya juu. Lakini mhakiki hana budi kukihesabia. Kiswahili hakikukosa tisa. Kilikuwa nazo mbili. Tisa ya Kiarabu iliingia pamoja na sita na saba, na kabla yake zilikuwapo tandatu, fungate na kenda. Tandatu imekaribia kufutika. Fungate imekimbilia arusini, ikaishi katika siku saba za maharusi. Na kenda haijafa. Watu wa pwani ya Kenya tunaowaita Mijikenda wanalibeba neno hilo katika jina lao, kwa sababu ya miji yao tisa. Ndani ya Mombasa yenyewe Waswahili walijihesabu kuwa Thenashara Taifa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Basi bibi huyu aliposhuka bandarini mwaka 1914 aliingia katika mji ambao robo tatu ya mataifa yake yaliitwa kwa namba aliyoambiwa haipo.

Mambo hayakuishia pwani. Agikuyu wa shambani kwake nao husema kenda. Mabinti wa Mumbi, ambao koo za Agikuyu zimetokana nao, huhesabiwa kenda, lakini hesabu kamili ni 'kenda mũiyũru', tisa iliyojaa, ambayo kwa kweli ni kumi. Si vizuri kuwataja watu kwa idadi yao kamili. Husimamishwa penye tisa, na mmoja hubaki ndani ya neno bila kutajwa. Jomo Kenyatta alichapisha habari za Mumbi na mabinti zake katika Facing Mount Kenya mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya Out of Africa. Ajabu iliyoje! Mwandishi alihisi kwamba kuna siri katika tisa ya wenyeji, na alihisi sawasawa, ila aligeuza mambo juu chini. Namba aliyoiona pengo ndiyo iliyokuwa imejaa. Kosa lake la msingi halikuwa kutojua, kwani kila mgeni hana ajualo siku ya kwanza. Kosa ni kwamba alikuwa na mamia ya Agikuyu nje ya baraza lake ambao wangeweza kumweleza, naye akachagua kuendelea kufurahia pengo. Katika jambo hili nyumba na kitabu ni kitu kimoja: vyote viwili hupenda Afrika iwe na nafasi tupu, ili mgeni apate pa kuweka ndoto zake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, wala hauna mzaha wa kuutetea. Akieleza habari za kusoma na kuandika, Blixen anasema kwamba Kiswahili hakikuwa na maandishi hadi wazungu walipokitengenezea, na kwamba kwa sababu hiyo kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Nusu ya pili ya maneno haya ni kweli na ni sifa; nusu ya kwanza ni uzushi. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate kwa hati za Kiarabu, na mswada wake una tarehe ya 1728, miaka mia na ishirini na mbili kabla Krapf hajachapisha sarufi yake mwaka 1850. Muyaka wa Mombasa alikuwa amekwisha kufa miaka sabini na kitu kabla Blixen hajapanda meli. Yawezekana kumtetea kwa kusema kwamba maandishi hayo hayakuwa mikononi mwa mlowezi: diwani ya Muyaka haikuchapwa na Hichens hadi mwaka 1940, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosanifisha Kiswahili ilianza kazi mwaka 1930, alipokuwa akikaribia kufunga mizigo. Utetezi huo haufiki mbali. Kitabu chenyewe kinasema kwamba alipata kukaa Mombasa nyumbani kwa Sheikh Ali bin Salim, Liwali wa Pwani, na anamsifu kwa ukarimu na uungwana. Alilala katika nyumba ya muungwana katika mji wa Muyaka, akaamka, akarudi Ngong, na akaandika kwamba lugha ya mji ule haikuwa na maandishi. Mtu huona kile alichokuja kukiona.

Mfano wa tatu ni ule wa ushairi, na hapa yafaa kwenda taratibu, kwa maana ndipo penye kurasa bora za kitabu kizima. Jioni moja wakati wa kuvuna mahindi, mwandishi anaanza kuwasemea vijana wa shambani maneno ya Kiswahili yenye vina. Maneno hayana maana yoyote ya kusifiwa, ni mchezo. Vijana wanasimama, wanasikiliza, wanangoja kina kifike, na kinapofika wanacheka. Anapowataka wao wenyewe wamalizie, wanageuza nyuso. Baadaye, walipozoea, wakamwomba aseme tena, aseme kama mvua. Kabla ya hapo mwandishi ametamka kwamba wenyeji, pamoja na usikivu wao mkubwa wa mahadhi, hawajui ushairi, au hawakuujua hadi shule za misheni zilipowafundisha tenzi za kanisani.

Hukumu hiyo ni ya kukataliwa. Agikuyu walikuwa na gĩcandĩ, ushairi wa mafumbo wa kushindana, wenye buyu lake la kutikiswa na malenga wake waliohitaji miaka kuuhifadhi. Na kama ni vina alivyokuwa akivitafuta, basi alikuwa akitumia lugha ambayo washairi wake walikuwa wamekwisha kuvipanga vina vya kati na vya mwisho kwa ukali ambao mabingwa wengi wa Ulaya wangeuogopa. Lakini tazama ilivyo ajabu: kisa chenyewe kinaipinga hukumu ya msimulizi. Watu wasiojua ushairi hawangoji kina. Vijana wale walikingoja, wakakitambua kilipofika, na wakakipa mfano ulio sahihi kuliko maelezo mengi ya vitabu vya arudhi, kwani kina hurudi kama tone la mvua linavyorudi mahali pamoja juu ya bati. Walipokataa kumalizia mistari, mwandishi alidhani hawawezi. Mtu mwenye kujua desturi za shambani angedhani pia kwamba vijana hawatungi mbele ya mwajiri wao, wala hawashindani naye kwa maneno mahali ambapo yeye ndiye mwenye kuandika siku za kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ushairi wa kujibizana unataka watu wawili walio sawa.

Hapo ndipo suala la lugha linapogusana na suala la ardhi, na ndipo kitabu kinapokuwa kikweli zaidi kuliko nyumba. Blixen anataja kwamba shamba lilikuwa ekari elfu sita, na kwamba ekari elfu moja hivi zilikuwa mashamba ya maskwota. Anakiri kwamba wengi wao walizaliwa hapo, na baba zao vilevile, na kwamba pengine walimwona yeye kuwa skwota wa daraja la juu katika ardhi yao. Ni mlowezi gani mwingine wa siku hizo aliyeandika sentensi kama hiyo? Tena shamba lilipouzwa alihangaika kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka watu wake wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti, akieleza kwamba mtu anaponyang'anywa ardhi hunyang'anywa na wakati wake uliopita. Pamoja na hayo hakuuliza swali linalofuata, nalo ni rahisi: nani aliyewanyang'anya kwanza?

Sura ya Kinyanjui ndiyo mtihani wa nyumba. Mzee huyu, aliyefanywa chifu na serikali ya kikoloni, alikuwa rafiki wa nyumba kwa miaka mingi. Meza ya jiwe la kusagia iliyokuwa nje ndipo palipoamuliwa mashauri ya wazee. Alipougua ugonjwa wa kufa, alimwita Blixen usiku na kumwomba amchukue, akafie nyumbani kwake na si katika hospitali ya misheni. Wakati huo shamba lilikuwa linamponyoka mwenyewe. Aliogopa maneno ya wazungu kama chifu angefia mikononi mwake, na akajibu hapana. Mzee hakuishi sana baada ya hapo, na mazishi yakawa ya Kikristo, katika mikono ileile aliyotaka kuikwepa.

Kurasa hizo zimeandikwa bila kujitetea, nazo zinatosha kumweka mwandishi wake miongoni mwa waandishi. Ziungwe na nyumba sasa. Mgeni anapopita katika kizingiti cha mlango ule, anapita mahali ambapo rafiki mkubwa wa nyumba aliomba kupita na akakataliwa. Kizingiti hakisemi. Samani haziwezi kuonyesha mtu ambaye hakuletwa. Ni kitabu tu kinachojua, na mgeni asiyekisoma atatoka akisifu bustani.

Fasihi ya Kiswahili inayo desturi yake ya kuzuru nyumba za waliokufa, nayo ni kinyume kabisa cha desturi ya makumbusho. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anaupitisha moyo wake katika majumba ya mabwana wa Pate. Taa zilizowaka zimezimika, vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya thamani vimekuwa viota vya ndege, na popo na buibui ndio wenyeji. Nyumba katika utenzi ule haimsifu mwenyewe. Inamwuliza alipeleka wapi aliyopewa, kisha inamgeukia aliye hai na kumwuliza vivyo hivyo. Makumbusho hufanya kazi ya kuondoa utando wa buibui. Huirudisha taa mezani, hupiga mbao rangi, na kuifanya nyumba iseme kana kwamba mwenyewe ametoka tu matembezini na atarejea kabla ya chai. Mshairi wa Pate angeshangaa sana. Pengine angeuliza pia kwa nini katika kisiwa jirani cha Lamu, ambako nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 imetengenezwa na kuonyeshwa kwa wageni, nyumba hiyo huonyeshwa kama mfano wa ujenzi na maisha ya zamani, bila kuwa ya malenga yeyote kwa jina lake. Shaaban Robert, aliyefariki Juni 1962, miezi michache tu kabla ya Blixen, amepewa barabara na shule mjini Dar es Salaam. Mtu hukaa ndani ya nyumba; katika barabara hupita tu.

Wapo wanaosema kwamba jibu ni kuipa mgongo nyumba ya Ngong pamoja na kitabu chake. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, ndiye aliyelitoa shitaka kwa ukali zaidi, katika hotuba yake aliyoitoa Denmark na kuchapwa baadaye katika Moving the Centre mwaka 1993. Alionyesha jinsi Kamante anavyofananishwa na mbwa aliyestaarabika, na hakuna msomaji mwadilifu anayeweza kusema kwamba mfano huo haumo. Tena Ngũgĩ alikuwa na sababu ya kusema kuhusu nyumba. Mwezi wa Machi 1982 serikali ya Kenya ilipeleka askari kuubomoa ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambao wakulima na wafanyakazi waliujenga kwa mikono yao ili waigize tamthilia kwa Kigikuyu. Miaka minne baadaye serikali hiyohiyo ikaifungua nyumba ya Ngong. Mpangilio huo hauhitaji ufafanuzi wa mhakiki.

Hata hivyo shitaka la Ngũgĩ linashughulika na taswira, na taswira ni nusu ya jambo. Akisomwa kwa sikio la Kiswahili, Blixen anashindwa mara nyingi, lakini watu wake hawashindwi naye. Kamante anazipa supu majina ya marika. Vijana wa mahindi wanaita kina mvua. Watu hao wamo kitabuni kwa sababu walisema, na walisema kwa lugha ambayo wanafunzi wa idara hizi wanaweza kuirudisha chini ya Kiingereza chake, sentensi baada ya sentensi. Hiyo ni kazi ya uhakiki, ya tafsiri na ya isimu kwa pamoja, na ina faida kuliko kulaani tu. Kazi hiyo ikishafanyika, nyumba nayo itakuwa na kitu cha kutundika ukutani kando ya picha za wawindaji.

Pa kuanzia pangeweza kuwa kwa Jogona Kanyagga. Risasi ilipofyatuka kwa bahati mbaya shambani na kumwua mtoto Wamai, palitokea shauri refu juu ya nani baba wa marehemu na nani apokee fidia. Jogona alimjia mwandishi ampigie hati ya ushahidi. Akasimulia, Blixen akaandika, na mwishowe mzee akatia alama ya kidole gumba. Hati iliposomwa na jina lake likatajwa, Jogona aligeuka na kumtazama mwandishi kwa macho makali yaliyojaa furaha, kama mtu aliyeumbwa upya mbele ya macho yake mwenyewe. Huyo, miaka kadhaa kabla ya wachapishaji wa London na New York, alikuwa msomaji wa kwanza wa Karen Blixen katika Afrika, ingawa hakujua kusoma. Tena alikuwa mtunzi mwenziwe, kwa kuwa maneno yalikuwa yake. Karatasi ile akaishonea mfuko wa ngozi uliopambwa kwa shanga, akautundika shingoni. Mara kwa mara alikuja nayo nyumbani, akaitoa, akaikunjua polepole, na kutaka asomewe tena tangu mwanzo.